Barua Ilitoka, Ikaishia Wapi?

Kwenye masjala ya halmashauri, iwe Kibondo au Kasulu mkoani Kigoma, barua haitoki mlangoni hivi hivi. Karani ana daftari lake, ambalo maofisini wamezoea kuliita dispachi, lenye namba ya kumbukumbu, tarehe, jina la anayepelekewa na nafasi ya sahihi. Tarishi huondoka na barua pamoja na daftari. Mpokeaji anasaini, daftari linarudi. Miezi sita baadaye mtu akija juu kwamba hakuletewa barua, karani hana haja ya kubishana. Anafunua ukurasa.

Barua pepe ilipoingia maofisini, wengi walidhani dispachi imekwisha kazi. Ugomvi wa "nilishatuma" na "sijaona kitu" ukabaki neno la mmoja dhidi ya neno la mwenzake, na ushahidi pekee ukawa picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Kumbe daftari lipo. Linaandikwa na seva yenyewe, mstari baada ya mstari, usiku na mchana, na humo kila barua ina namba yake, saa yake, na jibu la seva iliyoipokea au iliyoikataa. Mafundi huliita logi.

Tatizo ni kwamba watu wengi, wakiwamo baadhi ya wanaolipwa kuisimamia seva, hawajui logi iko wapi. Na hata ikionekana, mara nyingi hukutwa kwamba mipangilio iliyokuja na programu ndiyo iliyoamua iandike nini na ikae siku ngapi, mwenye ofisi hakuulizwa.

Habari ya logi kwenye kompyuta za jamii ya Unix, ambazo leo Linux ndiyo maarufu zaidi, ilianzia kwenye barua pepe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akitengeneza programu ya kusafirisha barua iitwayo Sendmail. Alihitaji mahali pa kuandika yaliyotokea kwa kila barua, akaunda syslog. Wengine wakaipenda, wakaichukua. Leo ruta, swichi, printa na hata kamera za ulinzi huandika habari zake kwa mtindo huo. Alama ya asili haijafutika: katika kanuni za syslog kila fungu la habari lina namba, kiini cha mfumo kikiwa 0, programu za watumiaji 1, na barua 2. Masuala ya usalama na nywila yamo kwenye 4, nyuma ya barua.

Nyanda za juu za Kigoma nazo zilijua foleni ya barua pepe kabla hazijajua intaneti ya kasi. Mapema miaka ya 1990, barua pepe nyingi za Afrika Mashariki zilisafiri kwa FidoNet: modemu ilipiga simu, ikamimina barua zilizokusanywa, ikachukua zilizokuwa zikisubiri, ikakata. London, shirika la GreenNet lilikuwa na lango lililounganisha mtandao huo na intaneti, na Karen Banks aliyeliendesha aliingizwa mwaka 2013 kwenye orodha ya heshima ya watu waliojenga intaneti duniani. Dakika za simu ya kimataifa zilikuwa ghali, hivyo aliyelipa bili alikuwa na kila sababu ya kusoma logi: simu ilidumu sekunde ngapi, barua ngapi zilivuka, ipi ilikatikia njiani.

Kisha wakaja wakimbizi, na nyuma yao mashirika. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya Oktoba 2015 Warundi walipokimbia tena nchi yao. Katika miaka ya 1990 ofisi za misaada za ukanda wa Maziwa Makuu, zilizokuwa mbali na simu ya waya, zilituma barua pepe kwa redio za HF, zile za antena ndefu juu ya paa na kwenye bampa la Land Cruiser. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilikuwa na mfumo wake wa kazi hiyo, DFMS. Barua ziliandikwa ofisini, zikalala kwenye foleni hadi redio mbili zilipopatana, ndipo zikavuka moja moja kwa mwendo ambao leo ungemfanya kijana wa Kumsenga aizime simu yake akidhani imeharibika. Hapo logi ilikuwa sehemu ya kazi ya kila siku, maana bila kuisoma mtu asingejua kama ombi la dawa limefika Kigoma mjini au bado linangoja hali ya hewa ya anga itulie.

Leo minara ya simu imetapakaa, na barua huonekana kutoka papo hapo. Hapo ndipo mazoea ya kusoma logi yalipopotea.

Fundi anayeitafuta logi kwa kuanza kufungua folda ameanzia katikati. Kabla ya kutafuta faili, itafutwe mashine. Barua ya ofisi iliyoko Kibondo inaweza isilale Kibondo hata sekunde moja, na dispachi yake ikawa inaandikwa Dodoma, Dar es Salaam, au Ulaya.

Halmashauri zina anwani zinazoishia na majina kama kibondodc.go.tz au kasulutc.go.tz. Taasisi za umma zinatakiwa kutumia Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), iliyoanza mwaka 2012 ikiwa wakala na kupewa hadhi ya mamlaka kwa sheria ya 2019. Afisa TEHAMA wa wilaya hawezi kuingia kwenye seva hizo akafungua logi. Anachoweza ni kuuliza, na swali lenye maana lina vitu vinne: anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, tarehe, na saa. Anayeandika "barua za mkurugenzi haziendi" ataandikiwa aeleze zaidi, na siku itakuwa imepita.

Mashirika makubwa ya misaada mara nyingi hutumia huduma za kulipia za Microsoft au Google. Huko hakuna faili la kufungua, bali ukurasa wa msimamizi wenye sehemu ya kufuatilia barua. Microsoft huonyesha safari ya barua kwa siku 90 zilizopita. Google, siku 30 zikipita, humtaka msimamizi ataje anwani ya mpokeaji pamoja na kitambulisho cha ndani cha barua yenyewe, na asiyekihifadhi hapati kitu.

Shule, parokia, SACCOS na asasi ndogo hupanga nafasi kwenye seva za kampuni, na nyingi ya seva hizo huendeshwa kwa cPanel. Ndani yake inafanya kazi programu iitwayo Exim, aliyoianzisha Philip Hazel wa Cambridge mwaka 1995. Logi yake kuu iko /var/log/exim_mainlog, ila mpangaji haruhusiwi kuigusa kwa sababu humo mna barua za wapangaji wengine. Badala yake amewekewa ukurasa wa "Track Delivery", na inashangaza ni wenye tovuti wangapi wamelipia huduma hiyo miaka mitano bila kuubonyeza hata mara moja. Mafundi wa kampuni wenyewe husoma alama: mshale <= ni barua iliyoingia, => ni iliyofikishwa, == imeahirishwa, na nyota mbili (**)  maana yake imeshindikana kabisa.

Wachache waliobaki na seva yao wenyewe, kwa mfano chuo au hospitali, ndio wenye faili mkononi. Seva ikiwa na Debian au Ubuntu, logi ya barua kwa kawaida ni /var/log/mail.log. Ikiwa na Red Hat au ndugu zake, ni /var/log/maillog, bila nukta. Nukta hiyo moja imeshapoteza saa nyingi za mafundi waliofuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mfumo mwingine. Tena toleo la 12 la Debian, lililotoka mwaka 2023, haliji na rsyslog, programu iliyozoeleka kuandika mafaili haya. Anayelisakinisha akaenda moja kwa moja /var/log hakuti mail.log, na anaweza kudhani seva haiandiki chochote. Inaandika, habari ziko kwenye hifadhi ya mfumo wenyewe, na husomwa kwa amri ya journalctl. Kama programu yake ya barua ni Postfix, akiandika journalctl -t postfix/smtp --since today atapata barua zote zilizojaribu kutoka tangu usiku wa manane.

Na asiye fundi? Naye ana kipande chake. Kila barua pepe iliyofika hubeba mistari inayoanza na neno Received, ambayo kila seva iliyopitiwa huongeza wake juu ya ule wa aliyetangulia. Kwenye Gmail ya kompyuta hufunguliwa kwa kubonyeza nukta tatu pembeni ya barua na kuchagua kuona nakala halisi. Isomwe kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa mstari wa chini ndio wa kwanza kuandikwa. Mistari hiyo inaonyesha barua ilikaa wapi na kwa muda gani, bila kuomba ruhusa ya mtu. Haisaidii tu pale barua isipofika kabisa.

Sasa tuseme asasi moja Kibondo ina seva yake yenye Postfix, programu ya barua iliyoandikwa na Wietse Venema alipokuwa IBM na kutolewa mwaka 1998. Imetuma maombi ya fedha kwa mfadhili, na mwisho wa kupokea ni saa tatu kamili asubuhi. Mfadhili anasema maombi yamechelewa. Asasi inaapa iliyatuma kabla ya saa tatu. Kwenye logi kuna mstari huu (example.org na anwani ya 192.0.2.25 zimetengwa kimataifa kwa ajili ya mifano tu):

Mar 12 06:04:11 seva postfix/smtp[2187]: 4F1C32A0B7: to=<maombi@example.org>, relay=mx.example.org[192.0.2.25]:25, delay=1264, delays=1258/0.04/4.1/1.9, dsn=2.0.0, status=sent (250 2.0.0 Ok: queued as 9B07D)

Cha kwanza kuchanganya watu ni saa. Seva nyingi huachwa kwenye saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma ya za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa 06:04 ya seva ni 09:04 ya Kibondo, yaani saa tatu na dakika nne asubuhi. Mtu akiiangalia haraka na kuisoma kwa Kiswahili atafikiri barua ilitoka saa kumi na mbili alfajiri, na atapeleka ushahidi huo kwa mfadhili kwa furaha. Mtindo wa zamani wa syslog unazidisha taabu, kwani hauandiki ukanda wa saa wala mwaka. Machi 12 ya mwaka gani? Faili halisemi.

Herufi na tarakimu 4F1C32A0B7 ni namba ya barua kwenye foleni, ndiyo namba ya kumbukumbu. Amri ya grep ikipewa namba hiyo huleta mistari yote ya barua hiyo: ilipoingia, nani aliituma, ilipojaribiwa, ilipoondolewa. Relay ni seva iliyoipokea upande wa pili. Status=sent na msimbo 250 ni sahihi ya mpokeaji, na ile "9B07D" ni namba ambayo upande wa pili umeiandika kwenye dispachi yake. Fundi wa mfadhili akipewa namba hiyo hawezi tena kusema hajaiona barua. Anaweza kusema tu ameipoteza nani ndani ya ofisi yao.

Utamu wote uko kwenye delay. Sekunde 1264 ni dakika 21 na sekunde nne. Barua iliingia kwenye seva ya asasi saa mbili na dakika 43 asubuhi. Zile namba nne za delays zinaeleza muda ulikwenda wapi: 1258 kabla ya kuanza jaribio hili, sehemu ndogo ya sekunde kwa msimamizi wa foleni, sekunde nne kuunganishwa na seva ya mbali, na chini ya mbili kuisukuma barua. Mfadhili hana kosa, seva yake ilifanya kazi sekunde sita. Mstari wa juu kidogo, wenye status=deferred na maneno "Connection timed out", unaashiria kwamba mtandao wa Kibondo ulikuwa umekata. Uliporudi, fundi alisukuma foleni kwa amri ya postqueue -f, barua ikaenda.

Basi nani amesema kweli? Kwa maneno ya kawaida, wote wawili; kisheria hesabu ni nyingine. Sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa kuhusu biashara ya kielektroniki, ya mwaka 1996, ambayo nchi nyingi zimeifuata, inahesabu ujumbe kuwa umetumwa pale unapoingia kwenye mfumo ulio nje ya uwezo wa mtumaji. Seva iliyokaa ndani ya ofisi ya asasi bado iko mikononi mwa asasi, kwa hiyo barua ilitumwa saa tatu na dakika nne. Asasi hiyo hiyo ingekuwa imepanga kwa kampuni ya nje, na foleni ikachelewea huko, hoja yake ingekuwa na nguvu zaidi. Dakika ni zile zile 21. Kilichobadilika ni mashine iliyoziandika.

Mipangilio ya kawaida ya Postfix huendelea kujaribu barua iliyoahirishwa hadi siku tano, ndipo humrudishia mtumaji. Katika siku hizo tano mtumaji anaweza asijue chochote, na hii ndiyo sababu kubwa ya kufungua logi mapema badala ya kungoja malalamiko. Misimbo inayoanza na 4 ni ya kusubiri. Inayoanza na 5 ni ya kukatiwa tamaa. 5.1.1 ni anwani isiyokuwapo, mara nyingi kosa la herufi moja. 4.2.2 au 5.2.2 ni sanduku lililojaa. Tangu Februari 2024 umeenea mwingine, 5.7.26, ambao Gmail huutoa kwa barua ambayo seva yake haikuthibitisha uhalali wake kwa SPF au DKIM. Asasi ndogo nyingi ziliamka mwaka ule zikakuta barua zao kwa Gmail zimegonga ukuta, huku sanduku la zilizotumwa likionyesha kila kitu kimekwenda salama.

Kuipata logi ni nusu ya kazi. Nyingine ni kuipanga, na hapo maamuzi ni ya mwenye ofisi.

Penye rsyslog, mstari unaoamua ni mfupi sana, nao hukaa ndani ya /etc/rsyslog.conf au kwenye folda ya /etc/rsyslog.d:

mail.*  -/var/log/mail.log

Neno mail ni lile fungu namba 2, nyota ni uzito wowote wa habari, na mwisho ni faili la kuandikia. Kile kistari kabla ya njia ya faili kina historia. Kwenye syslog ya zamani kilimaanisha: usisubiri diski ithibitishe kila mstari, endelea. Kiliharakisha kazi, lakini umeme ukikatika ghafla, mistari ya mwisho ilipotea, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Rsyslog ya sasa haisubiri diski hata kistari kisipokuwapo, mpaka iamriwe wazi. Kibondo na Kasulu, zilizoishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, zina sababu ya kulijua jambo hili, na kinga yake nafuu ni UPS iliyo hai. Umeme una hila nyingine: seva ya zamani yenye betri ya saa iliyokufa huwaka ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, na kuandika barua za leo kwa tarehe za zamani hadi chrony au programu nyingine ya kulinganisha saa ipate mtandao.

Wanaotegemea journalctl pekee waangalie kama folda ya /var/log/journal ipo. Isipokuwapo, mifumo kadhaa huweka habari kwenye kumbukumbu ya muda, na seva ikizimwa zinafutika zote.

Postfix nayo tangu toleo la 3.4, la mwaka 2019, inaweza kuandika faili lake yenyewe bila kupitia syslog. Unaandikwa mstari wa maillog_file = /var/log/postfix.log kwenye main.cf, na Postfix inaanzishwa upya. Mpangilio wa rsyslog ukibadilishwa, ni busara kuujaribu hapo hapo: amri ya logger -p mail.info "jaribio la asubuhi" hutupa maneno hayo kwenye fungu la barua, na tail -f kwenye dirisha la pili huonyesha kama yametua panapotakiwa. Yasipotokea, tatizo liko kwenye rsyslog na si kwenye barua.

Kuna kishawishi cha kuiamuru programu iandike kila kitu kwa kirefu, ili mambo yaonekane. Kiepukwe. Logi ya namna hiyo hujaa haraka, na kwa kawaida hukaa kwenye diski moja na foleni ya barua. Diski ikijaa, Postfix huanza kukataa barua mpya kwa msimbo 452, ikisema hifadhi haitoshi. Fundi aliyetaka kuona barua zaidi anaishia kuzizuia. Mpangilio wa debug_peer_list unamruhusu achague seva moja tu yenye matatizo, iandikwe kwa kirefu, nyingine ziendelee kwa ufupi.

Uamuzi unaofanywa kizembe kuliko yote ni wa muda wa kuhifadhi. Programu ya logrotate, inayofunga faili la zamani na kufungua jipya, huja kwenye Debian ikiwa imepangiwa wiki nne za logi ya barua. Mwezi mmoja, basi. Sasa tazama kalenda ya ofisi za Tanzania: mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na wakaguzi wa CAG huja baada ya hapo. Swali kuhusu barua ya mzabuni ya Agosti linaweza kuulizwa Oktoba ya mwaka unaofuata, logi ikiwa imefutwa na mashine zaidi ya mwaka mzima. Miradi ya wafadhili nayo hukaguliwa miezi mingi baada ya kufungwa.

Kisingizio cha nafasi hakisimami. Ofisi inayopitisha barua 500 kwa siku, kila moja ikiacha mistari sita yenye herufi 200, inaandika herufi 600,000 kwa siku. Kwa mwaka ni kama megabaiti 219, kabla ya kubanwa. Flashi ya bei ndogo kuliko zote dukani ina nafasi ya miaka mingi. Kwenye faili la logrotate namba 4 ikibadilishwa kuwa 60, na neno dateext likiongezwa ili kila faili libebe tarehe yake, kazi imekwisha kwa dakika mbili.

Ofisi yenye seva zaidi ya moja, au yenye wasiwasi na mikono ya watu wake, hupeleka nakala ya logi kwenye mashine nyingine. Rsyslog hufanya hivyo kwa mstari kama mail.* @@10.0.0.5:514. Alama mbili za @ ni muhimu mahali ambapo mtandao hukata: moja pekee hutuma bila kujali kama imefika, mbili huunganisha kwanza. Na ili mistari isipotee kabisa mtandao ukiwa chini, rsyslog iruhusiwe kuweka foleni yake kwenye diski hadi upande wa pili uonekane.

Anayefungua logi kwa mara ya kwanza kwenye seva iliyo wazi kwa intaneti hushtuka kwa jambo lingine kabisa. Usiku ambao Kibondo nzima imelala, faili limejaa mistari ya "SASL LOGIN authentication failed", mamia kwa mamia, kutoka anwani za mabara mengine. Hizo ni programu zinazobahatisha nywila za masanduku yenye majina ya kawaida: info, admin, mhasibu. Hazimlengi mtu yeyote, zinapita kila mahali. Fail2ban ni programu ya bure inayosoma logi hiyo hiyo na kumfungia mlango anayekosea mara nyingi. Ila ni lazima ielekezwe kwenye faili sahihi. Ikiambiwa isome mail.log kwenye mfumo unaoandika maillog, hailindi kitu.

Mahakama nazo zina neno. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na inatazama jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa, na kama haikuchezewa. Logi ambayo kila fundi aliyepita ofisini anaweza kuifungua na kuihariri ina uzito mdogo mbele ya wakili mwenye maswali. Kwenye Debian na Ubuntu faili hilo kwa kawaida lina ruhusa ya 640: mwenye faili anaandika, kundi la adm linasoma, wengine hawaoni. Fundi anayechoka kuandika sudo na kuigeuza 644 amewafungulia wote wenye akaunti kwenye seva.

Kwa ukanda huu jambo hilo ni zito kuliko mahali pengine. Logi haina barua yenyewe, lakini ina nani alimwandikia nani na lini. Mkimbizi wa Nyarugusu aliyewasiliana na wakili, au mwanamke wa Nduta aliyeandikia kituo cha msaada kuhusu kupigwa, anajulikana kwa mstari mmoja tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za aina hii azilinde na asikae nazo kupita haja, na hapo wiki 60 za mkaguzi zinakutana na haki ya mtu kusahauliwa. Ofisi italazimika kuandika mahali fulani imechagua muda gani na kwa nini.

Postfix haiandiki kichwa cha habari cha barua, labda iamriwe. Exim ya cPanel huandika: kwenye mstari wa barua inayoingia kuna T= na kichwa kizima ndani ya alama za kunukuu. Anayetuma barua yenye kichwa "Matokeo ya kipimo" pamoja na jina la mgonjwa ameyaacha kwenye logi ya kampuni iliyompangisha, maandishi ya wazi. Kampuni inaweza kuliondoa neno subject kwenye mpangilio wa log_selector, lakini mpangaji hana kitufe hicho; itabidi aombe kwa maandishi, na mpaka ajibiwe, jina la mgonjwa likae ndani ya barua badala ya kwenye kichwa.